Siku ya Kikundi

Katika vijiji na mitaa ya Dodoma, wanawake wengi wana siku moja ya juma ambayo haiguswi. Jua likianza kupoa hukusanyika barazani kwa mwenzao, chini ya mti au kwenye darasa ambalo wanafunzi wameshatoka. Wanahesabu fedha, wanakopeshana, kisha wanakaa. Mkutano huo wengine huuita kikoba, wengine hisa, wengine mchezo. Walio wengi husema kikundi, basi. Mwanamke wa Chang'ombe au wa Hombolo akisema leo ni siku ya kikundi, mume, wateja na jirani wameshaelewa kwamba jioni hiyo hapatikani.

Mengi yameandikwa kuhusu fedha za vikundi hivi. Kuhusu mazungumzo yake yameandikwa machache, na mara nyingi yanatajwa kama kitu cha pembeni, porojo za akina mama baada ya kazi kwisha. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mwanamke asiye na hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara hukopeshwa na wenzake kwa sababu wanajua anavyoishi: mume wake ni mtu wa namna gani, genge lake linauza siku zipi, mtoto yupi anaumwaumwa, shamba lake limepaliliwa au limemezwa na majani. Habari za maisha ya kila siku ndizo dhamana yake. Kikundi ambacho watu wake hawasimuliani habari hizo hukopesha gizani.

Ardhi ya Ugogo, nchi ya Wagogo, ilianza kulifundisha somo hilo kabla ya sanduku la hisa kufika. Uwanda wa kati uko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka hupata milimita 600 hivi au pungufu, tena kwa kushtukiza: mvua ikikatika Februari, mahindi hukauka kabla hayajabeba, ndiyo maana wazee waling'ang'ania mtama na uwele. Miezi ya Januari mpaka Machi ni migumu kuliko yote. Ghala limeisha, shamba linadai jembe, na mavuno hayajafika. Kaya ambayo haina mtu wa kuikopesha debe la nafaka katika miezi hiyo huuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha nguvu zake kwenye mashamba ya wengine.

Zamani matembe, zile nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, yalijengwa mbalimbali, kila mji na zizi lake. Mwanamke aliyeolewa alihamia kwa watu wa mumewe na mara nyingi alianza maisha kati ya wageni. Kazi ndiyo iliyomkutanisha na wenzake. Wakati wa kiangazi maji yalichimbwa kwenye mchanga wa makorongo, na maji ya mchangani hayana haraka. Yanachuruzika kidogo kidogo, mchotaji anajaza kibuyu kwa kata, na wanaosubiri wanaongea. Kwenye kuchuma mlenda ilikuwa vivyo hivyo. Palizi nayo ilifanywa kwa kualikana: mwenye shamba aliandaa wujimbi, pombe ya nafaka, jirani wakaja na majembe, na jioni kila aliyelima alikuwa amejua hali ya mji ule kuanzia ghalani hadi kitandani kwa mgonjwa.

Palikuwa pia na mikusanyiko ya wanawake peke yao. Miongoni mwa Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mpigaji huibana ngoma katikati ya magoti na kuipiga kwa viganja, wenzake wakiitikia kwa sauti zinazopandana, na kwa desturi ilihusiana na kuwatoa wali. Nje ya nchi muziki wa Kigogo (Cigogo) ulijulikana zaidi kwa zeze na ilimba za mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, lakini nyumbani ngoma nzito hupigwa na akina mama. Tamasha la Muziki wa Cigogo, lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009, limewapa wapigaji hao jukwaa ambalo hawakuwa nalo mjini.

Kisha kuna jambo alilolieleza mtafiti Peter Rigby, aliyefanya kazi Ugogoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika maandishi yake ya mwaka 1968 anasimulia kwamba mabaya yalipoiandama nchi, kwa mfano ng'ombe wakiugua, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo zao, wakachunga ng'ombe wenyewe, wakatoa maneno ambayo siku nyingine yangekuwa aibu kutamkwa, na kuyasindikiza mabaya hayo nje ya mipaka. Wanaume walikaa pembeni. Inafaa kulikumbuka jambo hilo kila mtu anaposema kwamba mashirika ya maendeleo ndiyo yaliyowafundisha wanawake wa vijijini kukusanyika na kutoa sauti.

Mikusanyiko hiyo haikuwa ya heri yote. Humohumo ndimo ukeketaji ulimorithishwa kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Manyara peke yake ndiyo iliyoizidi Dodoma. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Lakini ngariba, nyanya na mama wa binti wote ni watu wa mji mmoja, na kitendo kilichofichwa na wanawake wenyewe ni vigumu kufikiwa na polisi pasipo wanawake wengine kuzungumza. Kwa hiyo vikundi vya leo vimerithi mambo mawili yanayovutana: uwezo wa kutunza siri pamoja na uwezo wa kuivunja.

Hali ya ujirani ilibadilika ghafla kwa Operesheni Dodoma. Kuanzia mwaka 1971 kaya zilizotawanyika zilihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na mwanamke aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kumfikia jirani alijikuta amezungukwa na nyumba pande zote. Mashamba yakawa mbali, majani ya malisho na kuni vikaisha karibu na kijiji. Hasara zake zimeshasemwa sana. Kwa upande wa mikusanyiko, hata hivyo, vijiji vilileta watu wengi mahali pamoja, shule, zahanati na siku za kliniki ambapo akina mama husubiri zamu wakiwa na watoto mapajani.

Jumuiya rasmi nazo zilikuja na utaratibu wake. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, baadaye wa Tanzania, uliundwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Bibi Titi Mohamed, ambaye tangu 1955 alikuwa amewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika chama cha TANU akipitia vikundi vyao vya ngoma. Wakatoliki wana WAWATA, iliyoanza mwaka 1972. Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Central Tanganyika ina makao Dodoma tangu 1927, wana Umoja wa Mama. Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, wanawake hukutana kwenye darsa na maulidi. Katika jumuiya hizo wanawake wengi walijifunza mambo ambayo baadaye yangehitajika kwenye kikoba: kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kutunza michango, kumwondoa kiongozi bila kumvunjia heshima. La mwisho hilo ni gumu kuliko yote.

Kuhusu fedha zenyewe, mtangulizi wa kikoba ni mchezo, au upatu. Wanawake kumi wanakubaliana kila mmoja atoe shilingi 10,000 kwa juma, na kila juma mmoja anapokea 100,000 hadi wote wamalize. Mijini anayekusanya na kupanga zamu huitwa kijumbe. Mchezo hauna maandishi mengi na hauna riba. Udhaifu wake uko kwenye zamu: anayepokea mwanzo amekopeshwa na wote, anayepokea mwisho amewawekea wote akiba bila faida, na mtoto akiugua juma la tatu, mama aliyepangiwa juma la tisa hana la kufanya ila kubembeleza abadilishiwe. Mtu akipokea mapema kisha akahama, mchezo umekufa.

Dawa ya udhaifu huo ilitoka Afrika Magharibi. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake kuugeuza upatu wao uwe mfuko unaokopesha. Mradi uliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye ubunifu. Wazo likasambaa barani. Zanzibar lilianza kutumika eneo la Jozani, na Tanzania Bara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la SEDIT lilikuwa miongoni mwa walioeneza aina iliyopewa jina la Benki za Jamii Vijijini, VICOBA. Leo neno kikoba limeingia kwenye lugha kiasi kwamba wanachama wengi hawajui ni kifupisho cha maneno.

Utaratibu wake hutofautiana kidogo toka kikundi hadi kikundi, ila mfupa ni ule ule. Wanachama ni kati ya 15 na 30, wana katiba yao, wanachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu fedha. Fedha hukaa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Anayelala na sanduku hana ufunguo. Funguo tatu wanazo wanawake watatu wengine wasio viongozi. Kila mtu huitwa kwa namba, hujitokeza mbele, hutoa fedha wote wakiona, na hisa zake hugongwa muhuri kwenye kitabu chake. Kwa kawaida huruhusiwa kununua kati ya hisa moja na tano kwa mkutano, ili mwenye uwezo asiwafunike wengine. Anayechelewa, anayesinzia au anayepokea simu kikaoni hutozwa faini. Kabla ya kufunga sanduku kiasi kilichomo hutangazwa kwa sauti, kila mmoja anakishika kichwani, na mkutano ujao huanza kwa kuulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Mahali ambapo wapo wasiojua kusoma, kumbukumbu hiyo ya pamoja ni imara kuliko daftari.

Tuseme kikundi kina wanawake 25, hisa ni shilingi 2,000, na kila mmoja ananunua tatu kwa juma. Kila mkutano unaingiza shilingi 150,000, na kwa mikutano 50 zinapatikana 7,500,000, yaani hisa 3,750. Fedha hizo hazilali. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akarejesha katika miezi mitatu hivi, kwa riba ya asilimia 5 au 10 kwa mwezi. Ikiwa riba na faini za mwaka zimefika 1,875,000, sanduku lina 9,375,000 na kila hisa imepanda kutoka 2,000 hadi 2,500. Aliyenunua hisa 150 kwa shilingi 300,000 anaondoka na 375,000. Siku ya mgawo watu hushangilia faida hiyo pasipo kuuliza imetoka wapi, nayo imetoka mifukoni mwa waliokopa, ambao ni wao wenyewe. Mwanachama anayeweka tu hufaidika kutokana na yule anayekopa tu, na mara nyingi anayekopa tu ndiye mwenye shida zaidi. Vikundi vyenye busara humkopesha kila mtu walau mara moja kwa mwaka ili mzigo ugawanyike.

Sasa yanakuja mazungumzo. Mwombaji wa mkopo husimama na kuulizwa mbele ya wote: mkopo wa nini? Jibu halikubaliki likiwa la neno moja. Akisema biashara, ataulizwa biashara gani, mzigo unatoka wapi, nani ataangalia genge akiwa shambani. Akisema ada, watataka kujua baba wa mtoto ametoa nini. Kwenye VICOBA wanachama hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu watano wanaodhaminiana, na hao watano wakinyamaza, mkopo hautoki. Ombi la mkopo ni hadithi ya nyumba nzima, inayosimuliwa kwa watu wanaoijua nyumba hiyo na watakaoonja hasara ikiwa hadithi haikuwa ya kweli. Afisa wa benki huuliza maswali hayo hayo, ila yeye hana njia ya kujua kwamba mwombaji amemaliza juma zima hajapika ugali wa jioni.

Mfuko wa jamii unakwenda mbali zaidi. Huo ni mchango mdogo unaokusanywa pembeni ya hisa kwa ajili ya msiba, ugonjwa, uzazi au moto. Hautozwi riba. Lakini ili upewe lazima useme, na kusema kwenyewe si kwepesi mahali ambapo mwanamke amelelewa kuyafunika ya nyumbani. Mwanamke akiomba nauli ya kumpeleka mtoto Hospitali ya Mvumi, atakutana na mwenzake ambaye mtoto wake alilazwa huko kwa dalili zile zile na anajua mlango wa kuanzia. Akisema ghala limekwisha Januari, atasikia nani anauza mtama bila kumlalia. Kwa njia hiyo hupita pia habari za mbegu zinazokomaa mapema, za wanunuzi wa alizeti na zabibu wanaopunja kwenye mizani, za binti aliyeacha shule, na za Dawati la Jinsia na Watoto lililoko polisi. Yaliyo mazito zaidi, kama kipigo cha mume, ni nadra kusemwa kikaoni; husemwa wawili watatu wakirudi nyumbani.

Kwa mwanamke ambaye mumewe huuliza kila anapotoka, fedha ni ruhusa. Kwenda kukaa na wenzako saa mbili kila juma kungeitwa uvivu, au jambo baya zaidi, lakini kwenda kwenye hisa ni kwenda kazini, na mume ambaye ameshaona pembejeo au bati limetokana na mgawo wa mwaka jana hana hoja. Utafiti mkubwa uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 na Dean Karlan na wenzake ulipata matokeo yanayolingana na hali hiyo. Vikundi vya aina hii viliongeza akiba, mikopo, biashara ndogo za nyumbani na nguvu ya mwanamke katika maamuzi, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakuonekana kupanda. Aliyetarajia umaskini uondoke kwa sanduku la chuma atavunjika moyo. Anayejua kikundi hufanya nini hatashangaa.

Dhamana hii ya kujuana ina ubaya wake. Anayejua hali yako anaweza kuipeleka sokoni, na katiba nyingi hutoza faini kwa kutoa siri za kikundi, ishara kwamba siri hutoka. Tena watu huchagua wanaofanana nao. Asiyeweza kununua hata hisa moja kwa juma hujitenga kabla ya kukataliwa, akiogopa faini na macho ya watu. Mjane mzee, mgeni, mwanamke ambaye mumewe ni mlevi wa kutajwa: hao habari zao zinajulikana vizuri mno, na kujulikana huko ndiko kunakowanyima mkopo.

Walioachwa nje huangukia kwenye mikopo ambayo Watanzania wameibatiza kausha damu. Mkopeshaji hutoa fedha siku hiyo hiyo, haulizi mkopo wa nini, anachukua kitambulisho, kadi ya benki au simu kuwa rehani, na marejesho hutakiwa kila siku au kila juma. Kutoulizwa kunavutia, hasa kwa mwenye aibu. Ikifika siku ya kukosa rejesho, wakusanyaji huja kubeba godoro, na vikundi vingi vimelazimika kuchanga ili kumwokoa mwenzao aliyekopa huko kwa siri. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, ikaviweka vikundi vya kijamii kwenye daraja la nne chini ya usimamizi wa Benki Kuu kupitia halmashauri, na kuwataka wakopeshaji wa kibiashara wawe na leseni. Wasio na leseni hawajaisha.

Upande mwingine ipo mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, na tangu 2018 jambo hilo liko kwenye sheria. Kikundi hujisajili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, huandika andiko la mradi na kusubiri. Vikundi vilivyokuwa vikikutana miaka mitatu kabla ya kuomba vimefaidika. Vilivyoundwa juma moja kabla ya fomu vilipewa fedha za watu wasiojuana, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zikaanza kujaa madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Mwaka 2023 utoaji ulisimamishwa ili utaratibu upangwe upya, ukarejea mwaka uliofuata. Shilingi ile ile, kwenye sanduku lenye makufuli matatu, ina macho ya wanawake 25 yanayoitazama. Ikitoka halmashauri hutazamwa na faili.

Simu nayo imeingia. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaja M-Koba, huduma ya kikundi kuweka na kukopa kwa simu pasipo sanduku. Usalama wa fedha umeongezeka, na mwanachama aliyesafiri kwenda Singida hacheleweshi tena hisa. Lakini vikundi vingine vilivyohamia simuni vimegundua kwamba mahudhurio yanashuka, na mahudhurio yakishuka, ombi la mkopo linakuwa ujumbe mfupi usio na maelezo. Vingine vimepata njia ya kati: fedha simuni, kikao palepale, faini ya kutohudhuria ikabaki. Makundi ya WhatsApp hubeba salamu, picha za harusi na taarifa za msiba. Mkopo mgumu bado husubiri watu waonane uso kwa uso.

Mahali ambapo dhamana hii ya kujuana inapimwa kwa ukali zaidi ni mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini kwa miaka zaidi ya arobaini ulikwenda kwa kusuasua, mpaka Rais John Magufuli alipoisukuma Serikali ihame kweli mwaka 2016. Dodoma ikawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 765,000, kutoka 411,000 hivi mwaka 2012. Eneo la Chimwaga ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Ukumbi wake ulikuwa wa CCM. Humo ndimo Benjamin Mkapa alimopitishwa kugombea urais mwaka 1995 na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Mwaka 2007 kikaanza hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, na makazi yaliyokuwa vijiji pembezoni, kama Ng'hong'hona, yakawa mitaa ya wapangaji, wanafunzi na mama lishe. Mgogo aliyezaliwa hapo hupangisha vyumba kwa mtumishi aliyetoka Dar es Salaam na muuza chakula aliyetoka Kondoa au Mpwapwa. Salamu ya Kigogo, mbukwenyi, haimfikii kila anayepita.

Wageni hao hawakuchota maji kwenye korongo moja. Kwa hiyo hutafuta njia nyingine ya kujuana kabla ya kuaminiana fedha: ofisi moja, kwaya moja, jumuiya ndogondogo, meza zinazopakana sokoni Majengo. Wengi huanza na mchezo mfupi wa miezi michache, kiasi kidogo, kupima nani hulipa kwa wakati na nani ana visingizio. Kisha huja misiba na kicheni pati, ambako mtu huonekana anavyotoa na anavyokaa na wenzake. Waliopita majaribio hayo ndio huandika katiba. Mtumishi wa serikali, mwenye mshahara na mkopo wa benki, haihitaji hisa ya 5,000 ili aishi. Huingia kikundini kwa sababu ni miezi sita yuko Dodoma na hana mtu wa kumwita usiku mtoto akipata homa.

Mzunguko hufungwa baada ya mwaka mmoja hivi. Vijijini wengi huvunja kikoba kabla ya mvua, ili fedha ikute bei ya mbegu na trekta. Mjini huvunja Desemba, Januari ikija na ada na sare za shule. Vikundi vichache vya wakulima vimesogeza mgawo hadi Februari, vikijua wakati ghala linapokuwa tupu, na huo pengine ndio uamuzi bora. Wadaiwa hubanwa majuma ya mwisho, sanduku linafunguliwa, fedha inamwagwa mkekani, hisa zinahesabiwa, na kila mmoja anapokea chake mbele ya wote. Mikutano miwili mitatu baadaye katiba inasomwa upya. Thamani ya hisa hupandishwa au huteremshwa, viongozi huchaguliwa, na majina hupitiwa moja moja: nani anabaki, nani aliomba kupumzika, nani ataombwa asirudi, na nani kati ya jirani wapya amezungumziwa vya kutosha hata akaribishwe.